Dumu la Mtogwa Mbele ya Wakaguzi

Tangu nimkabidhi Gwamaka funguo za studio, miguu yangu haijatulia. Asubuhi natoka nyumbani Iyunga, hapa Mbeya, nikisema nakwenda kuangalia parachichi zangu, kufumba na kufumbua nimesimama Soweto mbele ya mlango wa studio, nasoma kibao nilichokipaka rangi kwa mkono wangu mwenyewe. Vijana mnatoka mnaniuliza, "Mzee Amba, umesahau nini?" Sijasahau kitu. Mwili ndio haujapata habari kwamba umestaafu. Macho yamepata, kwa sababu daktari aliyaambia moja kwa moja: kioo cha kompyuta basi, la sivyo utatafuta mtu wa kukushika mkono. Miguu haikuwepo kwenye mazungumzo hayo.

Juzi Gwamaka alichoka. Huyu nimemfundisha mimi kamera, alikuja hajui hata mfuniko wa lenzi unatolewa. Akanivutia kiti, akasema, "Mzee, badala ya kutuzungukia hapa kama kuku anayetafuta pa kutagia, si ukae uandike? Andika ulivyokuwa unapitisha video kwa wakaguzi. Sisi zinaturudia kila siku."

Basi naandika. Naandika nimesimama, karatasi juu ya kizingiti cha dirisha, maana kiti kinaniwasha.

Niseme mapema: mimi niliishia darasa la nne. Ukutani kwangu hakuna cheti, kuna kalenda ya duka la mbolea. Lakini kaulize wasanii kuanzia Tunduma mpaka Iringa mjini, ni video za nani zilizokuwa zinarudishwa mara chache kuliko za wengine wote. Watakutajia jina moja, na jina hilo ndilo lililo kwenye kibao cha Soweto.

Kazi ya kupima umri nilianza kabla ya intaneti. Nilianzia kwenye banda la video la Mama Lusajo, pale Iyunga, jirani na barabara kuu. Kuta za mabanzi, mabenchi ya mabanzi, jenereta nyuma inakohoa kama mgonjwa. Siku ya kwanza nilidhani ataniweka kwenye mashine. Aliniweka mlangoni.

"Gwe Amba," akaniambia, "mkanda wa leo una mabusu. Asiingie mtoto."

"Mtoto nitamjuaje, mama? Hawana vyeti."

"Na wewe ulipopelekwa shule walikujuaje?"

Hapo nikaelewa. Nyinyi wa siku hizi mna vyeti vya kuzaliwa vimewekewa plastiki. Sisi tulipimwa kwa mkono. Unaupitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, shingo imenyooka, vidole vikigusa sikio la kushoto umekua, ingia darasa la kwanza. Visipogusa, rudi nyumbani kachunge. Mimi nilirudishwa, nikarudi tena mwaka uliofuata nikarudishwa tena, sikio langu likiwa palepale na mkono wangu ukiwa haulioni. Ng'ombe wa babu nawajua kwa majina mpaka leo.

Kwa hiyo mlangoni kwa Mama Lusajo nikawa napima masikio. Watoto wa Iyunga ni wajanja, wanainamisha shingo ili sikio liufuate mkono. Mama Lusajo anapiga kelele akiwa ndani, hata hajageuka: "Shingo wima!" Na ndani alikuwa na njia yake nyingine. Busu likikaribia, na yeye mikanda yote aliijua kwa moyo, anainuka na kitenge chake, anakitandaza mbele ya televisheni, anasimama hapo akiongea habari za bei ya mchele mpaka busu lipite. Watu wazima walilalamika. Akawaambia, "Mabusu mnayo nyumbani kwenu. Hapa mmefuata ngumi." Sijawahi kuona ukaguzi wa haraka kuliko ule, na nimeona kaguzi nyingi.

Nilimwachia banda lake nikafungua kibanda changu Soweto, naingiza nyimbo kwenye memori kadi za simu. Kwenye kompyuta nilitenga mafungu: kanisa, watoto, wakubwa. Nilikuwa wa kwanza mtaani kutenga. Wenzangu walikuwa wanachanganya, mpaka siku mama mmoja wa kwaya aliporudi kwa jirani yangu na uongozi mzima wa kwaya nyuma yake, simu ameishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa. Siku hiyo wateja wake wote walihamia kwangu.

Halafu nikanunua kamera. Halafu video zikahamia mtandaoni, na nyuma yake zikaja kanuni. Tukaambiwa video ya muziki isipandishwe kabla haijakaguliwa na kupewa alama ya umri: hii kwa wote, hii kwa uangalizi wa mzazi, hii kumi na nane. Wasanii walilia sana. Mmoja alikaa hapo studio akaniuliza, "Mzee Amba, hii ni nchi gani mtu anapimiwa wimbo kama sukari?" Mimi sikulia. Niliona mlango, na milango ndiyo elimu niliyoipata kwa Mama Lusajo.

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo Gwamaka analolitaka. Video yoyote nilikuwa naitazama kwanza bila sauti, kisha naisikiliza bila picha. Bila sauti unaona mikono ya watu inakwenda wapi. Bila picha unasikia maneno yanakwenda wapi. Nyinyi mnatazama vyote pamoja huku mnatikisa kichwa, ndiyo maana zinawarudia. Chupa mezani igeuzeni mgongo. Mtu akiwasha sigara, kamera isiufuate moshi, moshi unajua njia. Na kama mnapiga video ya wasichana wa kucheza, pigeni mwezi wa sita au wa saba. Baridi ya Mbeya ni mkaguzi wa kwanza. Msanii mmoja alikuja kutoka Dar na masanduku ya nguo ndogo ndogo. Wachezaji walipofika kule mlimani kila mmoja akavaa sweta akakataa kulivua. Video ikapata "kwa wote". Aliniapia kwamba nimemharibia. Wimbo ukapigwa mpaka kwenye kipaimara.

Lakini kesi nitakayowaachia ni ya Fute.

Fute alikuwa fundi wa msumeno Mafinga, kwenye mbao. Msumeno uliuchukua mkono wake wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Baada ya hapo wakamweka kulinda mabanzi, kazi ambayo, alisema mwenyewe, hata mbwa anaifanya na mbwa ana miguu minne. Alinifuata studio, sauti yake nzito, mkono wa shati umebanwa na pini.

"Kamwene, kaka. Nataka video ya watoto."

"Wewe unaimba nyimbo za watoto?"

"Naimba na mwanangu, Neema. Ndiyo ataanza shule mwakani. Huu ni wimbo wa kugema."

Nilikwenda Mafinga mvua zikiwa zimekolea. Kwa wale msiojua mambo ya kule: mvua zikianza, mianzi inatoa chipukizi, chipukizi linakatwa ncha kwa kisu kikali asubuhi na jioni, na chini yake inafungwa mbeta, yaani kipande cha mwanzi kinachopokea maji yanayodondoka. Maji hayo yakiwa mapya ni matamu, wanayaita mtogwa. Yakilala yanachacha, yanakuwa ulanzi, na ulanzi ni pombe, hilo nadhani sihitaji kumweleza kijana yeyote wa studio yangu.

Sasa mtu wa mkono mmoja anagemaje? Fute alishika kisu kwa kushoto, Neema akashika mbeta kwa mikono miwili. Baba anakata, mtoto anapokea. Baba anaimba swali, mtoto anaimba jibu. Mbeta ilipojaa mtoto akainywa hapohapo, ikamwagikia kidevuni, akacheka. Kile kidevu kinachong'aa na msitu wa misonobari nyuma yake, hakuna shule ya kamera inayofundisha kukipata. Nilikipata mimi.

Na jambo lililotegemea video hiyo lilikuwa hili. Mchungaji wa usharika wao alipanga, Sikukuu ya Mikaeli na Watoto ikifika, kutundika shuka kubwa ukumbini na kuwaonyesha video watoto wa mitaa yote, na wimbo wa Fute ndio ufungue. Alishamwalika mtangazaji wa kipindi cha watoto redioni aje amsikie Fute. Lakini alisema kwa upole wa kichungaji, ambao hauna mlango wa nyuma: "Ikija bila alama ya kwa wote, siiwashi." Fute hakuwa na mkono mwingine wa kurudi nao kwenye msumeno. Alikuwa na huo wimbo.

Kamati ya wakaguzi ilikuja Mbeya kwa wiki moja kupokea kazi za Nyanda za Juu. Nikapeleka. Jibu likarudi: kumi na nane. Sababu: mtoto mdogo anaonekana akinywa pombe ya kienyeji.

Nilimpigia Fute. Nikasikia misumeno nyuma yake, kisha nikasikia amesogea mbali nayo.

"Kwa hiyo Neema haruhusiwi kujiona?" akauliza.

"Mpaka atimize kumi na nane."

"Na mimi ndiye niliyempa mwanangu pombe. Ndivyo walivyoandika?"

"Ndivyo walivyoona, Fute. Sikiliza, tukate kile kipande cha mbeta. Nabakiza msitu, nabakiza nyuso zenu..."

"Kaka Amba, ukikata mbeta umekata mkono wangu. Yule mtoto ndiye mkono wangu wa kulia. Anaondokaje kwenye wimbo?"

Sikulala vizuri, na mchana wake sikukaa. Nilizunguka Soweto mpaka wauza mitumba wakaanza kunisalimia mara ya pili na ya tatu. Wiki ya wakaguzi ilikuwa inakwisha, na mvua nazo zilikuwa zinakwisha; mianzi ikikauka hakuna kupiga picha tena mpaka msimu mwingine. Nikasema, watu hawa wakionja tu, maneno yamekwisha. Nikapanda basi la kwenda Mafinga, nikalala kwa Fute, asubuhi mapema akanijazia dumu la mtogwa, mtamu, bado una ubaridi wa usiku.

"Usikaze mfuniko, kaka," akaniambia. "Mtogwa unapumua."

"Mimi nimesafirisha kamera mpaka Sumbawanga kwenye barabara ya vumbi. Nitashindwa maji ya mwanzi?" Nikakaza mfuniko kwa nguvu zote, nisije nikawaloanisha abiria.

Basi lilitambaa nyuma ya malori ya mbao mpaka Makambako. Tuliposhuka kwenye joto la Chimala, dumu likaanza kuongea. Kwanza kama nyuki, baadaye kama jirani mwenye kinyongo. Abiria wa pembeni yangu, mama mtu mzima, aliliangalia, akaniangalia, akahamisha kikapu chake. "Baba," akasema, "mzigo wako unakua."

Wakaguzi walikaa kwenye ukumbi wa kukodi. Mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja wa Tanga, mtaratibu, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Mimi nilimwita Mama Mkaguzi, na alikubali. Nikasalimia, nikaliweka dumu mezani mbele yake, nikatoa hotuba yangu fupi kuhusu maji matamu ya mianzi ambayo hata kitoto kichanga kinaweza kulambishwa, nikafungua mfuniko.

Sikuufungua. Ulijifungua wenyewe. Ukaruka ukapiga feni, povu likafuata, likashuka juu ya meza na kwenye suti ya kijana wa kuandika kumbukumbu. Ukumbi mzima ukanuka kilabu cha Jumapili. Kosa lilikuwa la jua la Chimala, na nimelisema hilo kila mahali.

Mama Mkaguzi alifuta miwani. Akachovya ncha ya kidole kwenye kilichobaki, akaonja.

"Bwana Ambakisye," akasema, "nikinywa hii glasi mbili, sitaijua njia ya kurudi Tanga. Umeniletea ushahidi wa kunisaidia mimi."

"Asubuhi ulikuwa mtamu, mama. Nakuapia."

"Nakuamini. Lakini mtoto anayekunywa asubuhi, jioni atakunywa nini kwenye chombo hichohicho?"

Nilifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu mdomo haukuwa na kitu ndani. Mimi ni Mnyakyusa, mianzi ya ulanzi nimeijulia ukubwani. Alama ikabaki kumi na nane.

Lakini mlango mmoja ukifungwa, mlinda mlango anajua kuna madirisha. Nikauliza, "Mnarudi lini, mama?"

"Kesho kutwa, kwa gari, kupitia Iringa."

"Basi Mafinga ni njiani kwenu. Mwenye wimbo anakaa hatua chache tu kutoka barabarani. Simameni mwone wenyewe."

"Sisi hatusimamishwi na mwenye video."

"Hamtasimamishwa na mimi, mama. Mtasimamishwa na njaa. Mkitoka Mbeya asubuhi, Mafinga ndipo tumbo litakapowakumbusha."

Wakacheka wote, hata kijana wa suti. Mama Mkaguzi akasema tu, "Nitaona." Kwa mkaguzi, hilo ni neno refu.

Siku yenyewe nilikuwa Mafinga tangu alfajiri. Nilitembea kutoka barabarani mpaka kwa Fute, kutoka kwa Fute mpaka barabarani, nikihesabia kila gari jeupe kuwa ndilo. Fute alikuwa amekaa kwenye kigogo, amebana mbeta mpya kati ya magoti, anaisugua ndani kwa majani na maji moto. Ya zamani ina chachu ukutani, alinieleza, inaharibu mtogwa upesi, mpya inautunza. Ile ya zamani, iliyojaa ulanzi, aliiegemeza ukutani kwa ajili ya wageni wake wa jioni.

"Kaka Amba, kaa chini. Unawatisha kuku."

"Wasiposimama?"

"Watakuwa wamepita."

"Na mianzi inasemaje?"

Akainua kichwa kuelekea shambani. "Inasema kwaheri. Linadondoka tone moja, unaliombea la pili."

Mtu anaweza kukujibu hivyo akiwa ametulia kabisa, na ni maisha yake yeye, si yako. Sijui watu hawa wa Mafinga wameumbwaje.

Gari lilisimama. Mama Mkaguzi alishuka akiwa amekunja gauni, viatu vyake vya mjini vikazama kwenye tope jekundu, hakusema kitu. Fute alimsalimia, akamwomba radhi kwa njia, akamwongoza mpaka kwenye mwanzi. Neema akaifungua ile mbeta mpya kwa mikono miwili na kuimimina kwenye kikombe. Haikujaa hata nusu.

Mama Mkaguzi akanywa. Akanywa tena. "Kama dafu," akasema. "Jamani, kama dafu la asubuhi." Nikataka kurukaruka, nikajizuia kwa sababu ya umri.

Kikombe kilipokwisha, tukarudi uani. Pale ukutani akaiona ile mbeta ya zamani iliyojaa, na yeye ni mtu wa pwani, ukarimu umo damuni. Akaiinua mwenyewe, akamimina kikombe kimejaa, akakiinamisha kwa Neema. "Na wewe, mwanangu, mbona hujanywa? Chukua."

Neema akaweka mikono nyuma.

"Huo wa jana," akasema.

"Wa jana una nini?"

"Wa jana wa wakubwa. Wa leo wa wote."

Mama Mkaguzi akachuchumaa, gauni likagusa tope. "Nani amekuambia?"

Mtoto akamwangalia kama mtu aliyeulizwa nani amekuambia kuwa maji yanalowanisha. "Kila mtu anajua."

"Na ukinywa?"

"Baba ananusa mdomo."

Fute alikuwa ameangalia chini. Kuku walikuwa wanakwaruza. Mimi nilikuwa nimesimama bila kusogeza mguu, jambo ambalo sikumbuki kulifanya kabla wala baada ya hapo. Swali lililonifunga mdomo kule ukumbini lilikuwa limejibiwa na mtu asiyejua kusoma. Kumbe nyumba zote zile zenye mianzi zina kamati yao ya ukaguzi, na alama wanazo mbili tu, ya jana na ya leo.

"Bwana Ambakisye," Mama Mkaguzi akainuka, "maneno haya mbona hayamo kwenye video?"

"Nilikuwa nimeyaweka kwa ajili ya toleo la pili, mama," nikajibu papo hapo.

Aliniangalia kwa muda. Sidhani aliniamini, ila aliheshimu kasi. Kisha akasema jambo ambalo nyinyi vijana mlibandike pale juu ya kompyuta: "Mimi nimeonja leo, najua. Mtu wa Tanga atakayeiona kwenye simu hataonja. Ataona mwanzi, ataona mtoto, atajua ni pombe. Sisi hatutoi alama kwa kilichomo ndani ya mbeta. Tunatoa kwa kinachoonekana na kusikika. Fanyeni kionekane, kisikike, mlete tena."

Akapanda gari. Hakuomba chakula wala hakukubali zawadi. Kuku tuliyemchinja tulimla wenyewe.

Kamera ilikuwa tayari mgongoni mwangu. Tukarudi shambani palepale, kabla mwanzi haujafunga. Fute akakata, Neema akashika mbeta, baba akaimba swali. Mtoto kimya. Tukarudia. Kimya. Nikamwambia, "Neema, sema kama ulivyomwambia yule mama."

"Nishasema," akanijibu.

Ana haki, alikuwa ameshasema. Lakini chipukizi lilikuwa linadondoka polepole zaidi kila nikitazama. Nikazunguka kushoto, nikazunguka kulia, nikamkunjia uso, nikamchekea, nikamwahidi biskuti. Akajificha nyuma ya mguu wa baba yake.

"Kaka Amba," Fute akasema, "ondoka mbele ya macho yake."

"Na kamera nani ataishika?"

"Si ina miguu yake? Iache isimame. Wewe nenda kule nyuma ya mianzi. Unamhangaisha. Unatuhangaisha sote tangu alfajiri."

Nikaisimamisha kamera kwenye stendi, nikapima mwanga, nikabonyeza, nikaenda nyuma ya mianzi kama mtu aliyefukuzwa darasani. Kutoka kule sikuona kitu. Nilimsikia Fute akiimba, akimnyooshea mwanawe ile mbeta ya zamani. Nikasikia sauti ndogo ikiisukuma irudi, ikiimba, *wa jana wa wakubwa, baba, wa leo wa wote*, na baba akicheka katikati ya mstari. Wala hakukuwa na mazoezi. Hiyo ndiyo picha bora kuliko zote zilizotoka studio kwangu, na ilipigwa mimi sipo. Lakini stendi niliisimamisha mimi, na mwanga niliupima mimi, msije mkasikia vingine.

Tone la mwisho lilidondoka wiki hiyo. Video niliipeleka upya, nikaitazama kwanza bila sauti, kisha nikaisikiliza bila picha. Ikarudi na alama: kwa wote.

Sikukuu ya Mikaeli na Watoto ilipofika nilikwenda Mafinga nimevaa koti. Ukumbi wa usharika ulikuwa na watoto wa mitaa yote, shuka limetundikwa ukutani, mtangazaji wa redio amekaa mbele na Fute pembeni yake, pini ya shati inang'aa. Waliniwekea kiti cha mgeni. Nilikikalia kidogo tu, miguu ikagoma, nikatoka nikasimama mlangoni, mahali ninapopaelewa.

Watoto waliendelea kuingia wakisukumana. Neema alikuja wa mwisho, alikuwa amekwenda kunawa. Sweta jipya, kidevu kikavu. Sijui nini kilinipata. Mlango ulikuwa mlango, na mguu wangu ukaziba kizingiti wenyewe.

"Shika sikio," nikamwambia.

Hakuuliza kwa nini. Akaupitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, akanyoosha vidole mpaka vikatetemeka. Vikaishia kwenye nywele, pungufu ya sikio. Akaanza kuinamisha shingo pole pole, akiniangalia aone kama nimeona. Nimeona. Ndani wimbo ulikuwa umeshaanza, watoto wanapiga makofi, sauti ya baba yake inauliza swali.

Nikaondoa mguu.

"Pita," nikamwambia. "Wa leo ni wa wote."

Katika kazi yangu yote ya milango, huyo ndiye wa kwanza niliyempitisha na mkono haujafika.